Fundi wa Besi wa Musinzira

Fundi hakuwa na redio nyumbani kwake. Mtu aliyeyawekea magari ya mji wetu wa Gitega, Burundi, spika na sabufa, ambaye ukipita mbele ya kibanda chake nyayo zako zilipata muziki kabla ya masikio, jioni alirudi kwenye nyumba ambamo kitu pekee kilichotoa sauti kilikuwa birika la chai. Tulikuwa majirani pale mtaa wa Musinzira kwa miaka mingi, ukuta kwa ukuta, na sikuwahi kusikia wimbo ukitoka kwake. Nilimsikia akifagia. Nilimsikia akikohoa. Basi.

Jina alikuwa nalo, ila hakuna aliyelitumia. Siku tulipomzika, msemaji wa familia alianza kwa kulitaja lile jina kamili, na watu wakatazamana kana kwamba wamekosea msiba. Aliposema, "Fundi wetu," ndipo wanawake walipoanza kulia, na mimi nikiwa mmoja wao.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, kando ya barabara iendayo Giheta, na mbele yake palikuwa na nafasi ya magari mawili yakibanana. Gari likiletwa hakugusa bisibisi kwanza. Aliingia ndani, akafunga milango yote, akamwomba mwenyewe awashe ile redio iliyokuja na gari kutoka kiwandani. Kisha alikaa kila kiti kwa zamu, hata kile cha nyuma katikati ambacho hakuna anayekipenda, mikono juu ya mapaja, macho yamefumbwa. Wateja wapya walidhani anasali. Akitoka alikuwa na maneno yake yaleyale: "Kiwanda hakikujui. Kimeweka spika nyepesi kwa ajili ya mtu yeyote tu. Mimi nakujua, nitakuwekea za kwako."

Besi aliizungumzia kama mwashi anavyozungumzia msingi wa nyumba. "Besi si kelele," alisema. "Besi ni sakafu. Ikiwekwa vizuri huioni, unasimama juu yake." Aliwacheka mafundi wanaofunga sabufa kubwa kwenye boksi la mbao nyembamba lililopigwa misumari ovyo. Yeye maboksi yake aliyatengeneza kwa mbao nzito, akaziba kila kiungo kwa gundi, kisha akapitisha kiganja pembeni mwake wakati muziki unapiga, akitafuta mahali upepo unapovuja.

Gari langu aliliwekea muziki mwaka ule nilipoanza safari za Muyinga. Lilikuwa Corolla kuukuu, nililolinunua ili nifuate vitenge vinavyovuka mpaka wa Kobero, kule Muyinga, kutoka Tanzania. Barabara inapita Karuzi, kilima baada ya kilima, na redio yangu ilikoroma kama mtu mwenye mafua. Nikamwambia nataka muziki wa kunifanya nisisinzie.

"Nani anakaa nyuma?" aliuliza.

"Vitenge."

"Na vitenge visipokuwepo?"

"Diane, nikimpeleka shule. Na mdogo wake."

Akatikisa kichwa, akaenda kunawa mikono, akarudi. "Basi sabufa haiendi nyuma, Mama Diane. Nitakuwekea ndogo chini ya kiti cha mbele, upande wa abiria. Na sauti nitaifunga isipande kupita ninapotaka mimi. Kama hutaki, nitakuelekeza kwa fundi mwingine, wala sitakasirika."

Nilikubali kwa sababu nilikuwa na haraka. Alifanya kazi mchana kutwa. Alivuta waya mwekundu kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi hapohapo karibu na betri, akaupitisha waya chini ya zulia bila hata kivimbe kuonekana. Ule waya mweusi alitaka ushike chuma chenyewe, si rangi, kwa hiyo aliparua sakafu ya gari langu mpaka ikang'aa, nami nikasimama pale moyo unaniuma kwa gari langu kukwaruzwa. Jioni alinikalisha kwenye usukani, akawasha. Sikusikia kishindo. Nilisikia wimbo niliokuwa nao miaka yote, na chini yake mtu anatembea taratibu ambaye sikujua kwamba alikuwemo. Nilimtazama. Alikuwa ameshapeleka macho kwenye gari jingine.

Swali lile, nani anakaa nyuma, alimuuliza kila mtu, na lilimpotezea wateja. Nakumbuka dereva mmoja wa teksi wa kutoka Bukirasazi, kijana mwenye miwani ya jua iliyopandishwa juu ya kichwa.

"Fundi, mi nataka ile kubwa kabisa," alisema. "Ipige mpaka ma-vitre, vioo vyote, itetemeke. Iko possible?"

"Iko."

"Bon, weka."

"Nani anakaa nyuma?"

"Ma-clients, donc. Ni teksi."

"Wenye watoto mgongoni?"

"Hata wenye watoto. Mi nitawaulizia watoto wao?"

Fundi aliifunga ile sabufa kubwa kama alivyoombwa, lakini kwenye amplifaya alikiteremsha kile kiskrubu cha nguvu na kukitia gundi. Kijana alirudi kesho yake amenuna. "Umeniwekea sabufa ya mapadri," alisema. "Mi nitaenda kwa mwingine afungue." Na kweli alikwenda kwa mwingine. Kwa siku kadhaa tulimsikia akipita barabarani, vioo vinalia, na kila alipopita Fundi aliacha alichokuwa anakifanya, akaangalia chini mpaka mlio upotee.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alichukia honi kuliko kitu chochote, lakini alikuwa rafiki wa madereva wote. Alipenda kwaya hata machozi yakamlengalenga, lakini kanisani alikaa nje, kwenye ngazi, kwa sababu alidai spika za ndani zimeelekezwa vibaya. Mara moja walimruhusu azipange upya, na Jumapili hiyo tulisikia kila neno. Jumapili iliyofuata vijana wa vyombo walizipandisha tena, naye akarudi kwenye ngazi zake bila kulalamika. Aliniambia hivi, na ninaamini alikuwa anajisema mwenyewe: "Watu hawaamini kwamba sauti inaweza kuharibu. Wanaamini moto, maji, gari. Sauti wanaiona kama upepo."

Alikuwa jasiri pia. Nilimwona akiingia chini ya gari lililokuwa likifuka moshi kukata waya, wenye gari wakiwa wamekimbilia ng'ambo ya barabara. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomshinda, na lilikuwa barabara ya Muyinga.

Hilo nilikuja kulijua polepole. Alipogundua kwamba nakwenda Muyinga kila mara, alianza kunipa vifurushi. Kwanza sabuni na sukari, baadaye mkasi mzuri wa kushonea, baadaye viatu. "Mpelekee Jeanine," alisema, akanieleza nyumba ilipo, nyuma ya soko. Jeanine ni mwanawe. Nilimkuta akiwa msichana, fundi cherehani chipukizi, anaishi na mama yake. Nilimsalimu kwa nyuma akiwa ameinamia mashine na hakuitika. Mama yake akaja, akamgusa bega.

"Hasikii," aliniambia. "Baba yake hakukuambia?"

Hakuwa ameniambia. Nilimuuliza niliporudi, tukiwa tumesimama kwenye ukuta unaotutenganisha, na akanieleza huku akichubua chokaa kwa ukucha. Zamani, walipokuwa wametoka tu Tanzania na anaanza kazi, mteja mmoja alimletea gari kubwa la kubebea maharusi. Akalifungia sabufa mbili nyuma. Jeanine alikuwa mdogo, anapenda kucheza katikati ya waya, na siku ya kujaribu muziki alikuwa kwenye kiti cha nyuma. Fundi alipandisha sauti yote. Mtoto akaziba masikio, akalia, kisha akacheka. Wiki hiyohiyo akapata homa kali. Homa ilipopungua, Fundi alimwita akiwa mlangoni.

"Nilimwita," aliniambia. "Hakugeuka. Nikamwita kwa nguvu. Nikapiga makofi. Mama yake akaniambia acha, Baba Jeanine, acha."

Mama Jeanine alikuwa na habari tofauti. Kwa maneno yake ilikuwa ni malaria ile, na dawa kali alizochomwa mtoto ili asife. "Watoto wengine pia ilikuwa hivyo," aliniambia. "Daktari alisema hawezi kujua ni nini, ila yeye hakutaja muziki. Muziki ni yeye mwenyewe, baba yake, aliuweka ndani ya kichwa." Kisha akaongeza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka na jambo: "Mi sikumfukuza. Nilimpeleka mtoto kwetu Muyinga sababu huku kulikuwa na shule ya watoto kama yeye. Alisema atakuja nyuma yetu. Nilimngojea, mpaka siku moja nikajikuta singojei tena."

Sijui nani alikuwa sahihi. Fundi naye hakujua, na nadhani kutojua ndiko kulikomkaanga. Angekuwa na hakika kwamba ni kosa lake, pengine angekwenda akapiga magoti yakaisha. Badala yake alivaa shati safi, akaenda mpaka stendi, akasimama huko mpaka gari la Muyinga likajaa na kuondoka, akarudi kufungua kibanda. Majirani tuliliona hilo zaidi ya mara moja. Siku moja nilimuuliza kwa nini hakuacha kazi ya muziki kama iliumiza hivyo. Alinitazama kwa mshangao. "Nikae nyumbani nifanye nini, Mama Diane? Kule kuna kimya."

Jeanine alikua mbele ya macho yangu, na hiyo ndiyo sehemu inayonisikitisha kuisimulia, kwa sababu macho yaliyopaswa kumwona hayakuwa yangu. Alifungua chumba chake cha kushonea. Alinunua vitenge kwangu, na kwa kuwa biashara haiwezi kufanyika kwa kutabasamu tu, alinifundisha lugha ya alama. Mwanzoni bei, rangi na urefu, kisha mengine. Ni mcheshi. Aliigiza wateja wake mmoja mmoja mpaka nikashika mbavu. Nikirudi Gitega, Fundi alikuwa ananisubiri getini kabla sijazima gari.

"Mzima?"

"Mzima."

"Amenenepa?"

"Kidogo."

"Akicheka, anatoa sauti?"

"Anatoa."

Simu alikuwa nayo, na Jeanine alimwandikia ujumbe mara kwa mara, ujumbe mrefu, wa mtu anayependa kuzungumza. Alinionyesha majibu ya baba yake. Yalikuwa: Nimepata. Asante. Mungu akubariki.

Nilimwambia, "Fundi, nifuate kesho. Kiti cha mbele kiko wazi." Nilimwambia hivyo mara nyingi. Jibu lake halikubadilika: "Niende na nini?"

Halafu asubuhi moja alikuja getini kwangu amevaa koti, na miguuni pake palikuwa na boksi. Lilikuwa limepigwa msasa na vanishi kama samani ya sebuleni, na ndani yake mlikuwa na sabufa moja. Alikuwa ameitengeneza kwa miezi, bila kumwambia mtu. Alisikia mahali fulani kwamba mtu asiyesikia huweza kuipata besi kwa mwili, kwa mifupa, na akaamini kwamba sasa ana kitu cha kupeleka.

Njia nzima, akiwa kiti cha mbele, alilishika kwa mkono mmoja lile boksi tuliloliweka kiti cha nyuma, lisiteleze kwenye kona. Tulipofika Karuzi aliuliza kama tumekaribia. Tulikuwa katikati.

Mama Jeanine alikuwa anachambua mchele uani. Alimwona, akaweka ungo chini. "We umemleta kweli," aliniambia mimi, si yeye. Kisha akamgeukia, akampa mkono kwa heshima kama anavyopewa mgeni. "Karibu, Baba Jeanine."

Jeanine alitoka na tepu ya kupimia shingoni. Walitazamana. Mara ya mwisho Fundi alimwona akiwa mtoto mdogo, sasa mbele yake alisimama mwanamke anayemzidi urefu. Fundi akageuka upande wangu. "Mwambie akae kwenye gari," alisema. "Nyuma. Mwambie nimemletea kitu."

Nikatafsiri. Jeanine akakaa kiti cha nyuma, mlango wazi, boksi likiwa pembeni yake. Fundi akaunganisha nyaya, vidole vyake vikifanya haraka ile kazi vinayoijua, akawasha. Jeanine aliweka kiganja juu ya mbao. Akasubiri. Akaniambia kwa mikono, nami nikasema kwa sauti: "Anasema inatetemeka. Kama lori la Kobero linapopita."

"Mwulize kama anaupata wimbo."

Nikamuuliza. Jeanine alifikiri kwa uungwana kabisa, kama mtu aliyepewa chakula asichokipenda. "Anasema ni lori tu."

Fundi akaongeza kidogo. Jeanine akatoa kiganja, akashuka, akaufunga mlango taratibu. Muziki ukaendelea kupiga ndani ya gari bila mtu, mpaka nilipoingiza mkono dirishani nikazima.

Ndipo Fundi aliposema lile alilokuwa nalo miaka yote. Alilisema akiangalia chini. "Mwambie ni mimi niliyemharibu masikio. Mwambie siku ile sikuangalia nani amekaa nyuma."

Mikono yangu ilikuwa mizito, lakini nilimwambia. Jeanine hakushangaa. Alijibu polepole, akihakikisha nafuata kila neno, na nilipomaliza kuelewa nilitamani nisingejua lugha ile.

"Anasema nini?" Fundi aliuliza.

"Anasema hayo anayajua, mama yake alimweleza. Anasema hajali kama ni homa au ni wewe. Hakumbuki hata kusikia kukoje. Anasema wewe ulikuwa na mikono miwili mizima. Anauliza kwa nini hukuja kujifunza kuzungumza naye."

Mama Jeanine aliingia ndani. Fundi alibaki amesimama na kipande cha waya mkononi. Jeanine akaongeza jambo jingine, sasa kwa upole zaidi, akionyesha mdomo wake na kisha masharubu ya baba yake. Aliweza kusoma midomo kidogo, mama yake alizungumza naye hivyo nyumbani. Lakini ya baba haionekani.

Fundi aliomba wembe. Palepale uani, kwa beseni la maji na kioo kidogo cha cherehanini, alinyoa masharubu ambayo sikuwahi kumwona akiwa hana. Alijikata. Akaja akaketi kwenye kigoda mbele ya binti yake, uso umebaki mtupu na mdogo, akasema bila sauti kubwa: "Jeanine."

Binti akaitikia kwa kichwa.

Fundi alikuwa ameinua uso, mdomo uko tayari. Hakuwa na kingine alichokuwa amekiandaa. Mwishowe Jeanine alimpangusa damu juu ya mdomo kwa kipande cha kitenge, akaingia kupika. Tulikula. Alimwekea baba yake kipande kikubwa cha nyama, naye akala akiwa ameinama, kisha akakumbuka, akainua uso.

Hakwenda tena Muyinga. Alikusudia, hilo nalishuhudia. Lakini baada ya safari ile petroli iliadimika mpaka magari yakalala kwenye foleni za vituo, na Corolla yangu ikakaa uani imefunikwa turubai. Vitenge nikaviagiza kwa watu. Ilipopatikana kidogo, yeye alikuwa ameanza kuumwa kifua na daktari akamkataza safari ndefu. Jeanine naye alikuwa amejifungua, mtoto bado mchanga. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kweli, na sababu za kweli zilifuatana mpaka muda ukaisha.

Mara ya mwisho kukaa naye vizuri ilikuwa mchana, kibandani kwake. Hakuna aliyekuwa anafunga redio, nani afunge redio kwenye gari lisilotembea. Alikuwa ameketi ndani ya teksi iliyoachwa pale na mwenyewe, kwenye kiti cha dereva, kioo cha kati amekigeuzia kwake. Masharubu ameyanyoa safi. Alikuwa anafanya alama kwa mikono na kujitazama kwenye kioo, akifuata video za alama ambazo Jeanine alinitumia kwenye simu yangu nami nikamwonyesha.

Niliingia upande wa abiria. Alikuwa na haya kidogo, akaendelea hata hivyo. Alinionyesha "nisamehe." Alinionyesha "nilikosa," na "baba," na "nilichelewa." Alizifanya vizuri, bila kutafuta.

"Unajua mengi sasa," nilimwambia.

"Ya kuomba radhi nayajua yote," alisema. Akaangalia mikono yake. "Jana nilikuwa nafikiri, Mama Diane, nikimaliza kumwomba radhi nitamwambia nini? Siwezi hata kumuuliza anapenda kula nini."

"Anapenda maharage na ndizi. Zilizopikwa pamoja."

"Usiniambie. Nataka kumuuliza mwenyewe."

Basi nikamwonyesha "kula." Nikamwonyesha "unapenda," kisha "nini," na jinsi uso unavyopaswa kuuliza pamoja na mikono. Alirudia. Alikosea neno la katikati, vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa na havikutaka kukunjika. Nikavishika kimoja kimoja, nikavipanga, nikamwambia ajaribu tena.